Trekta dogo la farasi 24 kwa ekari 12, Kigumba: Kubota B2441 au Mahindra Jivo 245 DI?

MkulimaKigumba

Wakuu, salamu kwenu. Shamba ni ekari 12 upande wa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Ekari 5 ni mahindi na maharage kwa kupokezana, 3 kahawa robusta, moja na nusu ndizi, zilizobaki ni malisho, boma na njia ya moramu ya mita 400 kutoka barabarani. Kahawa imepandwa mita 3 kwa 3. Udongo wa juu ni mwekundu, ila bondeni kuna mweusi unaonata mvua ikianza. Vichuguu vipo, visiki vichache pia.

Kazi ninazotaka trekta lifanye: kulima misimu miwili, kufyeka kati ya mistari, kuvuta tangi la maji la lita 1,000, kubeba samadi na mavuno, kusawazisha njia.

Nimebaki na mawili. Kubota B2441: silinda 3, nguvu za farasi 24, gia 9 za mbele na 3 za nyuma, inainua kilo 750. Mahindra Jivo 245 DI: silinda 2, farasi 24, gia 8 za mbele na 4 za nyuma, inainua kilo 750. Yote ni fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Kwenye karatasi ni mapacha. Naomba mnaoyajua mniambie tofauti iko wapi kwenye kazi hizi.

Rimu24

Mzee Kigumba, karatasi imekuandikia farasi ni wangapi, haikukuandikia wanapatikana kwenye raundi zipi. Hapo ndipo mapacha wanaachana.

Kubota inatoa hao 24 kwenye injini ya sentimita za ujazo 1,123 ikizunguka raundi 2,600 kwa dakika. Jivo inawatoa kwenye sentimita 1,366, raundi 2,300. Injini yenye ujazo mkubwa na mwendo wa pole hukaza zaidi ikiwa chini. Kwa hiyo plau ikikutana na mzizi, au rotaveta (jembe la visu vinavyozunguka) ikiingia kwenye ule udongo mweusi, Jivo inaweza kushuka raundi na bado ikasukuma. Kubota haipendi kubanwa hivyo. Inataka ushushe gia mapema, uiache izunguke juu, na ikiwa juu inafanya kazi safi kabisa. Dereva anayesikiliza injini hatapata shida nayo. Dereva wa kibarua anayebadilika kila msimu ataizimisha, atawasha, ataachia klachi ghafla, na sahani ya klachi ndiyo italipa.

Upande wa pili, silinda mbili hutetemeka. Hilo ni umbile lake, si ubovu. Mtetemo hulegeza vitu: bolti za mabano ya betri, za ekzosi, za bonati, vikombe vya taa, na nyaya zinazosugua kwenye chuma hadi plastiki inaisha. Ukinunua Jivo, pita na spana kila saa 50, na nyaya zote zinazogusa chuma uzivishe mpira. Kubota ya silinda tatu hukaa kimya zaidi, na mtu anayefyeka saa sita kwa siku mgongo wake unaitambua tofauti hiyo.

Jambo jingine watu hawaliulizi. Hao 24 hawafiki wote Kigumba. Injini isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kigumba iko zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo hesabu farasi 21 na kidogo. Aliye Kabale, mita 1,800 na kupanda, abaki na 19 hivi. Toa tena kinachopotea kwenye gia kabla ya kufika PTO, ule mkia wa nyuma unaozungusha vifaa. Kwa sababu hiyo usikubali muuzaji akupe rotaveta ya mita 1.5 eti trekta ni la farasi 24. Chukua ya mita 1.2, na kama nusu ya kazi ingekuwa bondeni ningesema mita 1.

MkulimaKigumba

Asante, hilo la mwinuko sikulifikiria. Rotaveta ya 1.2 inamaliza ekari kwa muda gani? Na naweza kuitumia pia kati ya kahawa ili niache jembe la mkono?

Rimu24

Hesabu ni nyepesi. Upana mita 1.2, mwendo kilomita 3 kwa saa, toa asilimia 30 ya kugeuza na kupishana. Inabaki mita za mraba 2,520 kwa saa. Ekari ni 4,047, kwa hiyo saa moja na dakika 36 kwa pito moja. Kwa mzigo huo weka lita 3.5 hadi 4 za dizeli kwa saa, yaani karibu lita 6 kwa ekari. Ardhi iliyolala na majani huhitaji mapito mawili, zidisha. Kwenye kahawa nawaachia wa kahawa.

KahawaMukono

Nalichukua hilo, na naomba ndugu ulisome polepole. Usiingize rotaveta kwenye kahawa. Usiingize kwenye ndizi.

Mizizi inayolisha mkahawa iko juu, sehemu kubwa kwenye sentimita 30 za kwanza, na inafika katikati ya mistari. Ya mgomba ni hivyohivyo, tena mgomba mzima hupeleka mizizi zaidi ya mita moja kutoka shinani. Visu vya rotaveta vikipita sentimita 12 chini vinakata chakula cha mmea, na wiki mbili baadaye majani yanakuwa ya njano, mtu anadhani ni upungufu wa mbolea.

Kubwa kuliko hilo ni magonjwa. Mnyauko wa kahawa, ule wa kuvu aina ya Fusarium xylarioides, ulionekana Uganda mwaka 1993 na ukala robusta nchi nzima. Kuvu huyo huingilia kwenye kidonda. Mnyauko wa bakteria wa ndizi uliripotiwa hapa mwaka 2001, na kifaa chenye utomvu ni gari lake la kusafiria kutoka shina hadi shina. Rotaveta hujeruhi mamia ya mizizi kwa dakika na kubeba udongo kutoka mti mgonjwa kwenda mzima. Hakuna jembe la mkono linaloweza kusambaza ugonjwa kwa kasi hiyo.

Kinachofaa humo ni slasha, mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta. Weka urefu wa sentimita 8 hadi 10 juu ya ardhi, kaa mbali na shina angalau sentimita 60 kwa kahawa na mita moja kwa ndizi, majani yaliyokatwa yaache yalale kama matandazo. Karibu na shina maliza kwa panga au mkono. Ukitoka kwenye ndizi kwenda kwenye kahawa au kwa jirani, kwangua tope na utomvu wote kwanza, kisha osha visu na sehemu ya chini ya slasha kwa JIK (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kipimo kimoja cha JIK kwa vipimo vitano vya maji. JIK haifanyi kazi juu ya tope, ndiyo maana kukwangua kunatangulia. Baadaye suuza kwa maji na upake oili iliyotumika, maana JIK inakula chuma.

Kuhusu upana, robusta iliyokomaa kwenye mita 3 haikuachii mita 3. Matawi yakishafunguka unabaki na njia ya mita moja na nusu, pengine pungufu. Pima pale penye finyu zaidi, halafu pima trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi ukingo wa nje, siyo upana ulioandikwa kwenye kipeperushi, kwa sababu rimu zinaweza kugeuzwa zikatanuka. Hapa Kubota ina faida: ni fupi, na tairi lake la nyuma ni la rimu ya inchi 20, la Jivo ni inchi 24. Inapita chini ya matawi bila kuyavunja.

Afisa_Zana

Dada KahawaMukono amesema vizuri, naongeza neno moja kuhusu matawi. Wengi wakiona upinde wa usalama (wa kumlinda dereva trekta likipinduka) unagonga matawi wanaufungua na kuutupa stoo. Usiufungue. Kama unakunjika, ukunje ukiwa kwenye mistari tambarare tu na usimamishe mara ukitoka. Upinde ukiwa umesimama, funga mkanda. Ukiwa umekunjwa, usifunge mkanda, kwa sababu trekta likipinduka mkanda utakufungia chini yake. Na kichuguu ukipande kwa nyuma au ukizunguke. Tairi moja la nyuma juu ya kichuguu na jingine kwenye shimo la mhanga ndivyo matrekta madogo yanavyolala ubavu, hata kwenye shamba linaloitwa tambarare.

MkulimaKigumba

Nimeelewa, rotaveta ibaki kwenye mahindi. Sasa muuzaji wa Jivo ananiambia PTO yake ni 605 na 750, wa Kubota anasema 540 na 980. Slasha niliyoiona imeandikwa 540. Je, ya Jivo haiingiliani?

Propela_Mbale

Inaingiliana. Mkia wa PTO una meno 6 yaleyale na kipenyo kilekile, kinachotofautiana ni kasi. Kifaa cha 540 ukikizungusha kwa 605 umekizidisha asilimia 12. Slasha itavumilia kwa muda, lakini gia boksi yake itapata moto na visu vitarusha mawe mbali zaidi. Dawa ni kupunguza raundi za injini kwa sehemu moja ya kumi hivi chini ya zile zilizoandikwa kuwa zinatoa 605. Tafuta kibandiko karibu na mkono wa PTO au kwenye kitabu, halafu tia alama ya rangi kwenye saa ya raundi ili dereva aione. Ile 750 ni ya kazi nyepesi. Usiifungie slasha wala rotaveta ya 540.

Kwa Kubota tatizo liko kwenye 980. Mkono ukiwekwa upande usio sahihi na slasha imefungwa, umekaribia kuizungusha mara mbili ya kasi yake. Hiyo si hasara ya gia boksi tu, kisu kinaweza kung'oka na kuua mtu. Funga mkono wa 980 kwa waya kama huna kifaa cha kasi hiyo.

Sasa kitu kinachovunja matrekta madogo mapya kuliko kingine chochote: propela ndefu, yaani ile shafti inayounganisha PTO na kifaa. Slasha na rotaveta nyingi huja na propela iliyokatwa kwa trekta kubwa. Ukiifunga kwenye dogo inaingia kwa shida, halafu ukiinua kifaa mirija miwili inagota mwisho na kusukuma mkia wa PTO ndani. Beringi inakufa, sili inavuja, au kasha la gia linapasuka. Fundi anasema trekta ni bovu, kumbe ni sentimita tano za bomba.

Fanya hivi. Funga kifaa kwenye mikono mitatu bila propela, injini izimwe na ufunguo utoke. Inua na ushushe polepole, huku ukitafuta mahali ambapo umbali kati ya mkia wa trekta na mkia wa kifaa ni mfupi kuliko pote. Kiweke kifaa hapo na ukizuie kwa gogo au stendi, usitegemee haidroli. Tenganisha propela, funga nusu moja kila upande, zilaze sambamba. Tia alama ili zikiunganishwa ibaki nafasi ya milimita 25 kabla ya kugota. Kata kiasi kilekile pande zote mbili, bomba la ndani na la nje, na ganda la plastiki lipunguze vilevile. Piga tupa kingo, futa chembe, paka grisi, unganisha. Kisha rudi mahali ambapo umbali ni mrefu kuliko pote na uhakikishe mabomba bado yamepishana angalau theluthi moja ya urefu. Yasipopishana hivyo yatachomoka au kupinda. Mwisho, yuma za ncha mbili (vishikio vya kros, ule msalaba wa kiungo) zikae kwenye mstari mmoja, zikipishana propela inatetema na kros zinaisha kwa siku chache.

Ganda la plastiki na mnyororo wake visiondolewe. Gomesi (gauni refu la kina mama) au koti la mvua likishikwa na propela hakuna muda wa kupiga kelele.

Rimu24

Ndugu Propela amemaliza. Naongeza juu ya mabingobingo tu: yakizidi kimo cha kiuno, usiyaingie kwa pito moja. Inua slasha sentimita 40, pita, kisha rudi uishushe. Na bolti ya kukatika ikikatika, weka ya daraja lilelile lililoandikwa kwenye kitabu cha slasha. Watu wanaweka bolti ngumu "isisumbue", kisiki kinachofuata kinavunja gia.

BondeLaNile

Mimi naona mnaisahau fowili, na ndiyo sababu ya kununua haya matrekta. Mzee, bondeni utaihitaji kila siku. Ila ukipanda kwenye njia ya moramu, itoe. Magurudumu ya mbele ya fowili yametengenezwa yazunguke kidogo mbele ya yale ya nyuma, kati ya asilimia 1 na 5, ili yavute. Kwenye udongo laini tofauti hiyo inateleza na kupotea. Kwenye ardhi ngumu haina pa kutokea, inajikunja ndani ya gia. Utaona usukani mzito, matairi ya mbele yanaliwa haraka, na mkono wa fowili unakataa kutoka.

Kutokana na hilo, usibadilishe saizi ya matairi upande mmoja. Fundi atakuambia tairi la nyuma la saizi yako halipo mjini, uweke lililokaribia. Kipenyo kikibadilika kidogo, ule uwiano umekufa. Hata matairi mapya nyuma na yaliyoisha mbele yanaweza kuuvuruga. Njia ya kupima: ardhi ngumu na tambarare, upepo sawa, tia chaki tairi la nyuma na la mbele. Fowili ikiwa ndani, endesha pole moja kwa moja hadi la nyuma lizunguke mara 10, hesabu mizunguko ya mbele na sehemu zake. Rudia fowili ikiwa nje. Toa ya pili kwenye ya kwanza, gawanya kwa ya pili, zidisha kwa 100. Ikitoka kati ya 1 na 5, uko salama. Ikitoka chini ya sifuri, ya mbele yanaburuzwa badala ya kuvuta.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, nenda ukaulize nani ana tairi la nyuma la Kubota, 8.3-20, na nani ana la Jivo, 8.3-24. Tairi likikosekana msimu wa kupanda, trekta zima limelala.

MkulimaKigumba

Na tangi la maji? Lita 1,000 ni tani moja, bado trela. Kutoka kisimani hadi boma kuna mteremko.

Afisa_Zana

Hapo naomba usikilize zaidi ya pote. B2441 ina kilo 650 hivi. Trela la kilo 300 na maji kilo 1,000 ni mara mbili ya trekta. Kanuni inayotumika kwa mizigo isiyo na breki ni kutovuta kinachozidi mara moja na nusu ya uzito wa trekta, na hiyo ni ya tambarare kwa mwendo wa chini. Kwenye mteremko mimi nasema usizidi uzito wa trekta lenyewe. Mzigo ukikuzidi, unakusukuma kutoka nyuma, trela linajikunja ubavuni na linakuangusha.

Tumia tangi la lita 300, piga safari tatu au nne. Lijaze kabisa au liwe tupu. Tangi la nusu lina maji yanayokimbia mbele na nyuma na kukuvuta usukani, isipokuwa liwe na vizuizi ndani. Shuka kwa gia ileile ambayo ungepandia, usiguse klachi katikati ya mteremko. Pedeli mbili za breki ziunganishwe kwa kile kipande chake kabla ya kuondoka shambani, kwa maana kukanyaga moja barabarani kunageuza trekta ghafla. Vuta kwa droba tu (chuma cha chini cha kuvutia), kamwe usifunge mnyororo kwenye mkono wa juu. Ukivuta kutoka juu ya ekseli, pua inanyanyuka na trekta linakulalia.

Na hiyo namba ya kilo 750 uliyoiandika kwa yote mawili. Hupimwa kwenye ncha za mikono, siyo pale uzito wa kifaa ulipo, ambapo ni nusu mita au zaidi nyuma. Trekta la kilo 650 haliwezi kubeba 750 nyuma likabaki na magurudumu ya mbele chini. Lengo ni angalau asilimia 20 ya uzito wote ibaki mbele. Ukiinua rotaveta na usukani ukawa mwepesi kama wa baiskeli, ongeza vyuma vya mbele kabla ya kwenda popote.

BondeLaNile

Mtu akitaka uzito kwa bei ndogo, ajaze maji kwenye matairi ya nyuma. Yanavuta vizuri zaidi bondeni.

Propela_Mbale

Sahihi, ila ajue maji yako nyuma, hayasaidii pua kubaki chini. Na tairi lisijazwe lote. Geuza valvu iwe juu kabisa, jaza mpaka maji yatokee kwenye valvu, hiyo ni kama robo tatu, kisha malizia kwa upepo. Hewa ibaki ili tairi liweze kubonyea. La 8.3-24 linachukua karibu lita 70. Lisilo na tyubu usiweke maji matupu, rimu itaoza kutoka ndani.

MkulimaKigumba

Nashukuru sana. Nikiri kwamba nimeegemea Kubota kwa sababu ya kahawa, lakini ekari 5 za mahindi na bonde zinanivuta kwa Jivo. Vipuri je?

Rimu24

Usiulize "vipuri vipo?" Kila muuzaji atasema vipo. Andika orodha na umpe, akuoneshe kimoja kimoja kwenye rafu au akuandikie siku na bei: chujio la oili, la dizeli, la hewa la nje na la ndani, la haidroli, sahani ya klachi na beringi yake, mkanda wa feni, pampu ya maji, noze za injekta, sili za ekseli ya mbele, kros ya usukani. Atakayeonesha saba kati ya hizo dukani Kampala au Lira amezishinda hoja zangu zote za raundi na silinda. Vya magari utavipata soko la Kisekka, Kampala, na mafundi wa Katwe watakuchomea droba au trela zuri, lakini sili ya ekseli ya mbele ya trekta dogo haichongwi Katwe.

Jivo ikifika kufunguliwa injini ina noze mbili, pistoni mbili, seti ndogo ya kununua. Kubota ina tatu, na ina plagi za kupasha moto za kuwashia, maana mwako wake huanzia kwenye chumba kidogo cha pembeni. Asubuhi ya baridi subiri taa ya plagi izime kabla ya kupiga stata. Kigumba hilo halitakusumbua, Kabale lingekusumbua.

Propela_Mbale

Na oili. Matrekta madogo mengi hutumia oili moja kwa gia na haidroli. Ni ya aina yake, usimwage oili ya injini humo kwa sababu breki na klachi za ndani zimelowa oili hiyohiyo. Mikono ikiinuka kwa kusitasita na pampu inalia kama mbu, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: kiwango cha oili, chujio lililoziba, bomba la kufyonza linaloingiza hewa. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kupitia kofia ya kujazia baada ya mtu kuosha trekta kwa presha. Imwage yote. Oili ya kwanza ya injini itoke saa 50, maana ndiyo inayobeba chembe za chuma za injini inayozoeana.

Dizeli ya pipa iache itulie siku nzima, chota kutoka juu, isifyonzwe chini kabisa. Chujio la hewa kavu lipigwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, lisioshwe. Ukifyeka majani yenye mbegu, simama kila saa uvute wavu wa mbele ya radieta. Makapi yakiziba hapo, injini inachemka na tanki la maji likiwa limejaa.

KahawaMukono

Ndugu Kigumba, mimi ningepima saa. Kulima ekari 5 mara mbili kwa mwaka, kwa mapito mawili kila msimu, ni saa 32 kwa hesabu ya Rimu24. Kufyeka ekari 4 na nusu za kahawa na ndizi mara tano au sita kwa mwaka, saa moja na nusu kwa ekari kwa sababu ya kukwepa mashina, inazidi 33 na kufika 40. Bado malisho. Trekta lako litakuwa chini ya matawi zaidi kuliko bondeni, na bondeni unaweza kungoja siku tatu udongo ukauke. Tawi lililovunjika halingoji, na kila palipovunjika ni kidonda.

Rimu24

Hesabu hiyo siipingi. Kama tairi 8.3-20 na zile sili zinaonekana dukani kwa macho yako, chukua Kubota, rotaveta ya mita 1.2 yenye visu vya umbo la L, slasha ya mita 1.2, na vyuma vya mbele siku hiyohiyo. Kama hazionekani, chukua Jivo na upogoe kahawa ipate njia.

MkulimaKigumba

Naenda na hiyo orodha Jumatatu. Siku ya kukabidhiwa nikague nini kabla sijatia sahihi?

Propela_Mbale

Liwashe likiwa baridi, gusa bloku kwanza, wakilipasha moto kabla hujafika wanaficha kitu. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga ni kawaida, mweupe usioisha baada ya dakika chache si kawaida. Funga rotaveta, inua hadi juu, zima injini, weka alama kwenye mikono, kunywa chai. Ikishuka zaidi ya kiganja ndani ya dakika kumi kwenye trekta jipya, kataa. Ingiza fowili kwenye udongo laini na uone magurudumu yote mawili ya mbele yanavuta. Jaribu difuloki (pedeli inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja) kwa mstari ulionyooka, uachie, uhakikishe pedeli inarudi yenyewe. Mchezo wa pedeli ya klachi (inavyoshuka kabla ya kuanza kukaza) uwe milimita 20 hadi 30. Kaza nati zote za magurudumu kwa mkono wako, kisha uzirudie baada ya saa 10 za kazi. Nakili namba ya injini na ya chasisi, uzilinganishe na karatasi herufi kwa herufi, na kitabu cha dereva kiwe mkononi, siyo "kitakuja".